Kiingereza cha Mengo: Kutoka Karatasi ya Mackay hadi Simu ya Mama

Ndugu msomaji, uliye Nakivale, Rwamwanja, Kyaka au hapa hapa mjini kama mimi, nianze na neno moja tu: "Yes." Neno fupi, kila mtu analijua. Hata katoto ka miaka miwili ka Kisenyi kanalisema. Neno hilo lilikaribia kumuua mtoto wa watu, na aliyelisema alikuwa mwanafunzi wangu, amelijifunza kwenye simu, na simu ilikuwa imempa alama zote.

Nitalieleza jambo hilo mbele kidogo. Kwanza niseme niko wapi, maana historia bila mahali ni hadithi ya sungura.

Ninaishi Mengo, upande wa chini, kule Kisenyi ambako mlio wa mafundi chuma unaanza kabla ya adhana kuisha. Juu yetu iko Lubiri, ikulu ya Kabaka. Ukitoka langoni kwake unafuata barabara iliyonyooka kama kamba mpaka Bulange, jumba la bunge la Buganda. Kilima cha jirani ni Namirembe, na hospitali ya Mengo ambayo daktari Albert Cook aliianzisha mwaka 1897. Kisenyi ni mtaa wa Wasomali zaidi. Sisi Wakongo wengi tuko Katwe, Nsambya na Makindye, lakini wengine tulibaki hapa kwa sababu chumba kilikuwa nafuu siku ile tuliposhuka basi.

Mimi nilishuka mwaka 2013, kutoka Kivu. Kule nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha kwa Kifaransa, nafunga na tai. Huku Kifaransa changu hakikuweza kuninunulia hata fungu la nyanya. Na mjini, kama mnavyojua, hakuna posho: anayeamua kukaa Kampala anajitafutia mwenyewe. Kiswahili nacho nilidhani kitanibeba. Jioni ya kwanza nilikuwa nabishana na mwenzangu kwa sauti kubwa uani, mama mwenye nyumba, Jjajja wa Kiganda, akatoka akaniambia kwa upole, "Mwanangu, lugha hiyo usiiseme kwa nguvu usiku. Inanikumbusha waliovunja mlango." Sikuelewa. Ilibidi nisome ndipo nielewe, na hayo niliyosoma ndiyo nataka kuwaandikia.

*Mtu wa kwanza kushika kalamu*

Watu husema Kiingereza kililetwa Buganda na Wazungu. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mwezi wa Aprili 1875 msafiri Henry Morton Stanley alifika kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza. Wakati huo ikulu ilikuwa Rubaga, kilima cha jirani. Ilihamia Mengo baadaye, zama za Mwanga. Stanley hakujua Kiganda. Mutesa hakujua Kiingereza. Walionana katikati, kwa Kiswahili, maana Kabaka alikuwa amekijua kupitia wafanyabiashara wa pwani, na herufi za Kiarabu pia alizijua.

Stanley alipoondoka alimwacha kijana mmoja aitwaye Dallington Maftaa. Huyu hakuwa Mzungu. Alikuwa amechukuliwa utumwani akiwa mdogo, akakombolewa, akasomeshwa Zanzibar na wamisionari wa UMCA. Kazi yake kwa Mutesa ilikuwa kusoma na kutafsiri maandiko kwa Kiswahili, na kumwandikia Kabaka barua za Kiingereza. Mwaka 1876 barua moja ilikwenda kwa Gordon, aliyekuwa akitawala majimbo ya kaskazini kwa niaba ya Misri. Kiingereza chake kilikuwa na makosa mengi, hata jina la mpokeaji liliandikwa ovyo. Lakini barua ilifika, na aliyeipokea alijua Kabaka anataka nini.

Nilipoisoma habari hii nilikaa kimya muda. Mtu wa kwanza kufanya kazi ya Kiingereza katika ikulu ya Buganda alikuwa mtu aliyetolewa kwao kwa nguvu. Alikuwa mgeni kama sisi, hana ukoo pale wala shamba. Alichokuwa nacho ni Kiswahili kizuri na Kiingereza kibovu, na kwa hivyo viwili alifanya kazi ya serikali.

*Mashine ya kwanza*

Mashine ya kwanza ya kufundishia ilifika mwaka 1878, na Mskoti aitwaye Alexander Mackay. Alikuwa mhandisi, na alikaa Natete, si mbali na hapa nilipo. Alileta mashine ndogo ya kuchapia, na herufi nyingine alizichonga mwenyewe kwa mbao. Alichapa karatasi za kujifunzia kusoma, akawagawia vijana wa ikulu.

Karatasi zile za mwanzo zilikuwa za lugha gani? Hapo wengi hukosea. Masomo ya mwanzo yalikwenda kwa Kiswahili. Vijana wa Kabaka walikuwa wanakisikia kila siku kwa watu wa pwani, na Zanzibar tayari kulikuwa na vitabu vya Askofu Edward Steere. Kiganda kilifuata polepole, mpaka Pilkington na wenzake wa Kiganda wakamaliza Biblia nzima mwaka 1896. Kiingereza ndicho kilikuja mwisho, na shule kama Namilyango mwaka 1902 na Budo mwaka 1906.

Kwa hiyo ngazi ilikuwa hivi: lugha unayoijua kidogo, halafu lugha yako mwenyewe, halafu lugha ya mbali. Hakuna aliyerushwa juu moja kwa moja.

Kuna jambo la pili ambalo karatasi zile zilifanya. Waliozisoma waliitwa *abasomi*, yaani wasomaji, na jina hilo likawa ndilo jina la Wakristo. Msomaji alikuwa na desturi ya kumfundisha mwingine. Karatasi moja ilipita mikono mingi, uani, chini ya mti, usiku kwa siri pale Mwanga alipoanza kuwaua, kati ya 1885 na 1887. Mackay mwenyewe alifukuzwa, akafa Usambiro, kusini mwa ziwa, mwaka 1890. Mwalimu aliondoka, wasomaji wakaongezeka. Hilo nawaomba mlishike, nitalirudia.

*Lugha iliyovaa buti*

Sasa, mbona Kiswahili kilichoanza vizuri hivyo kiliishia kumtisha Jjajja wangu?

Mwaka 1927 Gavana Gowers aliandika kutaka Kiswahili kiwe lugha ya elimu na utawala. Mengo ilikataa. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliandika waraka wa kukipinga. Walihofia Kiganda kitakufa, na walihofia kufungwa kamba moja na walowezi wa Kenya. Kiswahili kikabaki kwa polisi, jeshi na soko.

Halafu ikaja tarehe 24 Mei 1966. Jeshi la Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilishambulia Lubiri. Mutesa wa Pili alitoroka, akafia London mwaka 1969. Ikulu ikawa kambi ya jeshi. Askari walikuwa wanaamrisha kwa Kiswahili. Mwaka 1973 Amin akatangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mtu wa Mengo aliyesikia "Fungua!" usiku wa miaka ile hawezi kusahau lugha iliyomwamsha.

Siku hizi mambo yamelainika. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 serikali ilikubali kifundishwe kwa lazima mashuleni. Kongo yetu nayo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka huo huo. Lakini sheria inakwenda haraka kuliko masikio ya wazee. Mkimbizi anayetembea Mengo na Kiswahili peke yake anabeba mzigo ambao si wake. Ndiyo maana Kiingereza kwetu si mapambo ya watu waliosoma. Ndicho tunachotumia hospitalini, kwa polisi, shuleni kwa mtoto, na siku ya mahojiano.

*Mashine iliyo mfukoni*

Wazo la mashine kumfundisha mtu ni la zamani kuliko simu zetu. Mwaka 1960 chuo kikuu cha Illinois, Marekani, kilianza mtambo ulioitwa PLATO: mwanafunzi anasoma kwenye kioo, anajibu, mtambo unamwambia kama amepata. Miaka ya 1990 zikaja sidii, kama za Rosetta Stone, zinazokuonyesha picha ya mvulana anakula tofaa na kukutajia maneno bila tafsiri. Mwaka 2012 Duolingo ikafunguliwa kwa watu wote, bure, kisha ikaingia kwenye simu. Hapo ndipo wakimbizi wa Kampala tulipoingia, kwa simu za Kichina zenye kioo kilichopasuka.

Mimi mwenyewe nilianzia hapo, nasema bila aibu. Usiku, mshumaa umezimwa, sikio kwenye spika, narudia maneno. Mashine ina uzuri wake. Haichoki. Haikucheki. Mtu mzima aliyekuwa mwalimu kwao, anaogopa kukosea mbele ya vijana, anaweza kukosea mara mia mbele ya simu na simu haimsimulii jirani. Hilo si jambo dogo. Akina mama wengi wa darasa langu wasingefungua mdomo kamwe kama hawakuanza kufungua mdomo gizani na simu.

Lakini nilipoanza kuwafundisha wengine nikaona tatizo ambalo mimi halikunigusa. Ukifungua programu ile inakuuliza: unazungumza lugha gani? Mimi niligusa Kifaransa, nikaendelea. Msomali aliyesoma madrasa aligusa Kiarabu. Mama wa Fizi asiyewahi kukaa darasani aligusa nini? Alitafuta Kiswahili kwenye orodha, hakukiona. Mwaka 2017 Kiswahili kiliingia kwenye programu hiyo, tukashangilia, kumbe kimeingia kwa mlango mwingine: ni kwa ajili ya wenye Kiingereza wanaotaka kujifunza Kiswahili. Mama mmoja akaniuliza, "Mwalimu, yaani wao wanafundishwa lugha yangu, miye sifundishwi yao?" Sikuwa na jibu.

Si kwamba Kiswahili hakiwezi kukaa ndani ya mashine. Tanga, Tanzania, kati ya 2017 na 2019, watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 walipewa tableti zenye programu za kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili, katika shindano la Global Learning XPRIZE. Kabla ya kuanza, zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Washindi walikuwa wawili, onebillion na Kitkit School, wakagawana dola milioni 10. Watoto wale walianza na lugha wanayoota nayo usiku. Ni ngazi ile ile ya Mackay.

Halafu kuna mambo ya mtandao. Julai 2018 iliwekwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa WhatsApp na mitandao mingine, na darasa letu la sauti lilikuwa WhatsApp. Mtu anayeuza karanga hakosi kuhesabu: shilingi 200 ni 200. Kodi hiyo iliondolewa 2021, badala yake ikaja asilimia 12 juu ya bando. Januari mwaka huo huo, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima siku kadhaa. Na shule zilifungwa, kabisa au kwa sehemu, tangu Machi 2020 hadi Januari 2022; simu ya mama ikawa shule ya watoto wanne, mama mwenyewe akakosa zamu. Hata laini ya simu ilikuwa shida kwa mkimbizi mpaka 2019, waliporuhusu tusajili kwa karatasi zetu za ukimbizi. Karatasi ya Mackay haikuhitaji haya yote. Ilihitaji macho na mwanga wa jua.

*Neno "Yes"*

Sasa nirudi kwa mama wa mwanzo. Sitamtaja jina, naye amenipa ruhusa nisimulie.

Ni mama wa makamo, muuza vitenge vya mkononi, analea mjukuu. Alijiunga na darasa letu pale tulipopewa tableti na shirika moja. Ndani kulikuwa na programu ya Kiingereza ya picha, bila Kiswahili. Alikuwa mwanafunzi bora. Kila siku anafika kabla yangu. Shirika lilitaka ripoti ya saa: mwanafunzi ametumia saa ngapi, amemaliza ngazi ngapi. Jina lake lilikuwa juu siku zote. Alimaliza ngazi ya pili na alama kamili, tukampigia makofi, nikampiga picha ya ripoti.

Wiki chache baadaye mjukuu, miaka minne, alishikwa na homa. Kliniki moja ndogo ya mjini ilimpima, ikakuta malaria, ikampa mama vidonge vya kwenda navyo. Mtoto akawa anatapika maji na chakula, mama akaogopa kumpa dawa. Kesho yake akarudi. Siku hiyo alimkuta daktari kijana, mgeni kutoka Ulaya, mtu mzuri tu, anayejitolea. Daktari akaangalia vidonge, akauliza: "Didn't you give him the medicine?"

Mama alielewa swali lote. Nawaomba mlione hilo: alielewa kila neno, programu ilikuwa imemfundisha vizuri. Akajibu, "Yes."

Kwa Kiswahili ukiulizwa "Hukumpa dawa?" na kweli hukumpa, unajibu "Ndiyo." Maana yake: ndiyo, ulivyosema ni kweli, sikumpa. Kwa Kiingereza cha yule daktari, "Yes" maana yake ni: nimempa. Daktari akasikia mtoto ameshaanza dawa, akasema waendelee, warudi baada ya siku mbili. Mama akasikia amesamehewa, akaondoka ameshukuru.

Usiku ule mtoto alipata degedege. Saa nane ya usiku walinigongea mlango. Tulimkimbiza kwa bodaboda kwenye hospitali nyingine, mimi nyuma nimemkumbatia mtoto, mama anafuata kwa miguu analia. Muuguzi wa Kiganda aliuliza swali lile lile, mama akajibu "Yes" ile ile, na muuguzi akasema, "Kwa hiyo hakumeza." Alielewa mara moja! Waganda wengi niliowasikia hujibu kama sisi. Mtoto akawekewa dripu, akachomwa sindano, alfajiri akafungua macho akaomba maji.

Nilikaa kwenye benchi la hospitali nikamfikiria mwanafunzi wangu bora. Alama kamili. Nilitaka kuilaumu tableti, nikashindwa. Aliyempigia makofi ni mimi. Nilikuwa najua Kiswahili chake na nilikuwa nimeanza kujua Kiingereza, mimi ndiye niliyesimama katikati, na sikuona shimo lililo katikati. Programu iliyotengenezwa mbali kwa watu wote isingeweza kuliona. Lilikuwa linaonekana kutoka hapa tu, Kisenyi, na mtu mwenye lugha zote mbili.

*Tulivyobadilisha*

Hatukutupa mashine. Tuliibadilisha kazi.

Kwanza nilitafuta programu ambayo mwalimu anaweza kuandika mwenyewe. Nikapata Hot Potatoes, ya bure, iliyotengenezwa chuo kikuu cha Victoria, Kanada. Ni ya zamani, haina urembo, lakini inakwenda kwenye laptopu kuukuu, na zoezi likishatengenezwa linafunguka bila intaneti. Unaandika swali, majibu, na maelezo ya kila jibu, kwa lugha yoyote unayotaka.

Pili, tulikusanya maswali. Sikuyatoa kitabuni. Niliwaambia wanafunzi: nileteeni swali uliloulizwa ukanyamaza, au ukajibu ukaona mtu anakunja uso. Kliniki, ofisi, shuleni, kwa mwenye nyumba. Yalifika arobaini kwa wiki mbili. Wengi walishindwa na maneno ya kawaida ya huku: Mganda akikwambia "extend" ndani ya taksi anataka usogee, muuzaji akisema "balance" anazungumzia chenji yako. Simu zetu hazikuwa zimefundisha hayo.

Tatu, jirani mmoja muuguzi, Mganda, aliyasoma maswali yale kwa sauti yake, kwa mwendo wake wa kazini, tukarekodi kwa simu. Mwanzo wanafunzi walilalamika anakwenda mbio. Nikawaambia, na hospitalini atakwenda mbio.

Nne, na hili ndilo naona la maana zaidi: tuliondoa neno "sahihi" na neno "kosa". Ukichagua jibu, kioo kinakuandikia kwa Kiswahili kile ambacho aliyekuuliza amekielewa. Ukisikia "Didn't you give him the medicine?" ukagusa "Yes", kinaandika: *Daktari amesikia: nimempa dawa.* Ukigusa "No", kinaandika: *Daktari amesikia: sikumpa.* Basi mwanafunzi anaamua mwenyewe kama hicho ndicho alitaka kisikike. Mara ya kwanza tulipojaribu, darasa la watu kumi na wanne lilinyamaza kimya, halafu mzee mmoja akasema, "Kumbe miaka yote hii nimewaambia watu uongo!"

Tano, kanuni ya darasa: usiache "Yes" peke yake, malizia sentensi. "I did not give him." Hata ukikosea kitenzi, hata ukisema "I not give", utafika. Nawasimulia habari za Dallington Maftaa na barua yake kwa Gordon. Wanacheka, halafu wanajaribu.

Sita, tulirudisha kusoma pamoja. Kuna hadithi za African Storybook, za bure tangu 2014, hadithi moja inapatikana kwa Kiswahili, Kiganda na Kiingereza. Tunaziweka kwenye Kolibri, mfumo unaofanya kazi bila intaneti, laptopu moja inagawia simu zote za chumbani. Tunasoma ya Kiswahili kwanza, kwa sauti. Halafu ya Kiingereza. Wasiojua kusoma kabisa wanakaa na mjukuu au jirani. Anayemaliza hadithi tatu anapewa mtu mmoja wa kumfundisha. Hiyo desturi sikuibuni mimi, ni ya abasomi.

*Kwa wenzetu wa mashirika*

Najua gazeti letu hili linasomwa na ninyi pia, na wengi mmetusaidia, kwa hiyo niseme kwa heshima mambo matatu.

Mkileta tableti, ulizeni kwanza programu inaanzia lugha gani. Kama inaanzia Kifaransa, mmewachagua wanaume waliosoma na kuwaacha mama zao nje, bila kukusudia.

Msihesabu saa peke yake. Saa zinahesabika kirahisi, ndiyo maana zinapendwa. Hesabuni pia ni watu wangapi wamekwenda kliniki wakaeleweka. Ni kazi ngumu zaidi, lakini inaweza kufanyika. Sisi tunauliza kila Ijumaa na kuandika kwenye daftari.

Na mkimuuliza mtu wetu swali, msiliweke katika kukanusha. Msiseme "Hukumeza?" Semeni "Ulimeza?" Halafu muulize "Lini?" na "Ngapi?" Hilo halihitaji bajeti.

Mama yule bado ni mwanafunzi. Siku hizi ndiye anayewapokea wapya, na zoezi la kwanza analowafungulia ni lile la dawa. Hawaelezi kwa nini, anawaambia tu, "Gusa, uone amesikia nini." Mjukuu yuko shule, anasema Kiganda cha mtaani kuliko sisi wote. Jjajja mwenye nyumba naye huja Jumamosi kukaa mlangoni kusikiliza hadithi. Majuzi msomaji wetu mmoja alikwama kwenye neno la Kiswahili, Jjajja akalitamka kutoka kule alikokaa. Hakuna aliyegeuka kumwangalia. Tuliendelea kusoma.

Ukiwa na swali uliloulizwa likakushinda, liandike, au mtume mtoto aliandike, ulete na namba ya eneo lako. Mazoezi yetu yanaingia yote kwenye flashi moja ndogo. Anayekwenda Nakivale au Rwamwanja apite Kisenyi tumpe nakala, bure. Sharti ni moja: akifika, amfundishe mwingine.